Jebel Shams hatua kwa hatua: kupanda kilele cha jangwani, kusoma miamba yake na kuwaona wanyama wake

Kwenye Kilimanjaro unatembea saa nyingi msituni kabla hujafika penye mwamba ulio wazi. Jebel Shams, nchini Oman, mwamba uko wazi tangu hatua ya kwanza, na ndio unaoamua mambo yote: maji yatuame wapi, mti uote wapi, mbuzi-mwitu ajifiche wapi, na mguu wako ukanyage wapi. Anayepanda bila kuujua mwamba atafika juu amechoka na picha za mawe ya kijivu. Aliyejifunza kidogo tu kuusoma ataona palipokuwa bahari, atajua ndege atatokea upande gani, na atakanyaga kwa uangalifu zaidi. Kwa hiyo mwongozo huu unatoa nafasi kubwa kwa mawe na viumbe, na nafasi ndogo kwa viatu na mabegi.

Jebel Shams ndio mlima mrefu kuliko yote katika safu ya Hajar, safu inayoanzia Musandam penye Mlango Bahari wa Hormuz na kupinda kuelekea kusini-mashariki. Una vilele viwili. Cha kaskazini, chenye takriban mita 3,009, ni eneo la jeshi na hakipandwi. Usikisogelee wala usikipige picha. Kinachopandwa ni kile cha kusini, mita 2,997.

Chagua msimu kwanza, tarehe baadaye

Msimu ni kuanzia Oktoba hadi Aprili. Kati ya Desemba na Februari usiku wa juu unaweza kushuka chini ya nyuzi sifuri, na miaka mingine theluji huanguka kileleni. Hesabu rahisi ya kukusaidia kufungasha: kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Ukiondoka Maskati kukiwa na nyuzi 25, kileleni tarajia kati ya tano na saba, kabla hata hujahesabu upepo.

Majira ya joto sikushauri kabisa. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa juu kuna ubaridi, Julai inafaa. Jua la mita 3,000 huchoma vikali hata hewa ikiwa ya kupendeza, kivuli ni haba, na alasiri za kiangazi mawingu ya radi hujikusanya juu ya Hajar kwa muda mfupi sana. Kwenye mwamba mtupu radi haina pengine pa kupiga.

Wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Kama shabaha yako ni wanyama, nenda katikati ya wiki.

Chagua njia: ukingoni au kileleni

Njia rasmi za milima ya Oman zimechorwa alama za rangi tatu juu ya mawe: njano, nyeupe na nyekundu. Mbili zinakuhusu hapa.

W6 inaanzia kijiji kidogo cha Al Khitaym, karibu mita 1,900, na kufuata rafu ya mwamba kandokando ya korongo la Wadi Nakhr hadi kijiji kilichohamwa cha As Sab. Kwenda ni saa moja na nusu hivi kwa mwendo wa kuangalia mambo, na kurudi vivyo hivyo. Haina mpando mkubwa, ila upande mmoja ni shimo la mamia ya mita. Mwenye kizunguzungu cha mahali pa juu asijilazimishe.

W4 ndiyo ya kilele cha kusini. Inaanzia kwenye uwanda, karibu mita 2,000, na ni safari ya kutwa nzima: tenga saa tisa hadi kumi na moja kwenda na kurudi. Njiani hakuna maji, hata tone.

Ushauri wangu ni kuzifanya zote mbili, W6 siku ya kwanza na W4 siku ya pili. Siku ya ukingoni inaupa mwili nafasi ya kuzoea hewa ya juu, na inakuonyesha kwa ubavuni tabaka zilezile utakazozikanyaga kesho yake.

Anza kusoma mawe ukiwa bado barabarani

Kutoka Maskati ni takriban kilomita 240: unapitia Samail, Nizwa na Al Hamra, kisha Ghul, na kutoka hapo unapanda. Usilale garini. Hiki ni kipande kimojawapo cha barabara duniani ambapo jiolojia inaonekana kupitia dirishani.

Baada ya kuacha pwani utapita kati ya vilima vyeusi na vya hudhurungi, vilivyomeguka-meguka na visivyo na majani. Hayo ni mawe yaliyozaliwa chini ya sakafu ya bahari: ganda la bahari pamoja na sehemu ya tabaka zito lililo chini ya ganda hilo, ambalo kwa kawaida hufunikwa na kilomita kadhaa za mwamba na maji. Wanajiolojia huita mkusanyiko huu ofioliti, na ule wa Samail ni miongoni mwa mikubwa na iliyohifadhika vizuri kuliko yote duniani. Ulizaliwa kama miaka milioni 95 iliyopita katika bahari ya kale ya Tethys, kisha badala ya kuzama chini ya bara ukasukumwa ukapanda juu ya ukingo wa bara la Arabuni. Watafiti kutoka nchi nyingi huja hapa kugusa kwa mkono kile ambacho kwingine kinahitaji meli ya kuchimba baharini.

Katika wadi, yaani mabonde ya mito ya msimu, zinazokata vilima hivyo, mahali pengine utaona vidimbwi vyenye utando mweupe. Mawe ya aina hii, peridotiti, hubadilika kikemikali yakikutana na maji na hewa: maji yanayotoka ndani yake huwa na magadi makali, kipimo chake cha pH kinapita 11, na yakigusana na hewa hunyonya kaboni dioksidi na kuacha ukoko wa madini meupe. Usiyanywe.

Ukikaribia Nizwa tazama kulia. Ukuta wa kijivu unaoinuka pale ni kitu kingine kabisa: mawe ya chokaa, yaliyojengeka tabaka juu ya tabaka kwenye bahari ya joto yenye kina kifupi, pembezoni mwa bara. Zamani ofioliti ilifunika hata chokaa hii. Baadaye ardhi ikavimba na kuinuka, mvua na wadi zikala kifuniko cheusi, na chokaa iliyokuwa chini ikawa ndiyo paa la Oman. Ukilielewa hili moja, mengine yote ya safari yanafuata.

Jaza mafuta Bahla au Al Hamra kwa sababu juu hakuna kituo. Sehemu ya mwisho ya barabara ina mipando mikali, na huenda ukakuta kipande cha changarawe. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne ndilo la kuaminika. Ukiwa Nizwa au Al Hamra na umekwama na Kiarabu, jaribu Kiswahili. Familia nyingi za Oman ya ndani zina mizizi Zanzibar na mrima, na mwenye duka anaweza kukuitikia kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka. Toa salamu kwanza, ndipo uulize njia.

Begi

Maji ndiyo kipimo. Kwa W4 beba lita nne hadi tano kwa kila mtu, kwa W6 lita mbili. Pamoja na maji beba chumvi, ya pakiti za kuongeza maji mwilini au ya karanga na chipsi, kwa sababu maji matupu kutwa nzima huku unatokwa jasho yanaweza kukulegeza vibaya. Tende ni chakula bora cha njia hii. Viatu viwe na soli ngumu: chokaa ikilowa mvua kwa maelfu ya miaka huyeyuka na kubaki na kingo kali zinazokata raba laini. Beba koti la upepo, kofia pana, shati la mikono mirefu, tochi ya kichwani yenye betri mpya, ramani iliyopakuliwa kwenye simu kabla ya kuondoka mjini, na pawabenki. Mtandao wa simu unakuja na kupotea.

Ongeza vitu viwili ambavyo wengi huviacha: darubini nyepesi, na lenzi ndogo ya kukuza.

Siku ya kwanza: ukingo wa Wadi Nakhr

Fika Al Khitaym asubuhi. Hapo utakuta akina mama na watoto wakiuza vikuku na vitambaa vya kufuma. Ufumaji wa sufu na singa za mbuzi ni kazi ya zamani ya watu wa Ghul na milima hii. Kununua hapo ni msaada wa moja kwa moja kwa wenye mlima. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, na usimpige picha mtu kabla hajakubali.

Njia ikishaingia kwenye rafu, simama mahali salama na utazame ukuta wa pili wa korongo. Utaona mistari ya mlalo, mingine minene, mingine myembamba. Penye tabaka ngumu ukuta unasimama wima, na penye tabaka laini unarudi nyuma na kuacha rafu. Rafu unayotembea juu yake ni mojawapo ya hizo, na wanakijiji wa As Sab walijenga makao yao chini ya mwamba uliojitokeza kama paa kwa sababu hiyohiyo. Kadiri jicho linavyoshuka ndivyo umri unavyozidi: karibu na ukingo ni chokaa ya enzi ya Kretasi, takriban miaka milioni 100, na ukishuka kuelekea sakafu ya korongo unaingia enzi ya Jura.

Tabaka za juu kabisa zinaitwa Natih. Hili lifikirie ukiwa umekaa juu yake: mwamba wa Natih ukiufuata kusini unazama chini ya jangwa, na huko Fahud ndio uliohifadhi mafuta yaliyogunduliwa mwaka 1964, yaliyoifanya Oman ianze kusafirisha mafuta mwaka 1967. Huku juu umepasuliwa na kukaushwa. Kule chini umefunikwa na kuhifadhi.

Kutafuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, fanya hivi. Chagua sehemu ya mwamba iliyo safi na laini, idondoshee maji kidogo, kisha uitazame kwa lenzi huku mwanga ukija ubavuni. Mwamba mkavu unaonekana wa kijivu tupu. Ukilowa, maumbo yanajitokeza. Tafuta miduara na mikunjo yenye kuta nene. Hao ni rudisti, jamaa wa chaza waliokuwa na umbo la pembe, waliojenga matuta baharini enzi za dinosaria na kutoweka pamoja nao miaka milioni 66 iliyopita. Ukitaka kuhakikisha kwamba jiwe ni chokaa, okota kipande kilichokwisha anguka, kikwaruze kwa kisu na kudondoshea siki: unga wake utatoa mapovu madogo. Jiwe lirudishe ulipolitoa, na usigonge ukuta kwa nyundo.

As Sab ingia taratibu. Bado kuna vipande vya shamba vya ngazi vilivyozungushiwa mawe, na nyumba zilizobanwa kwenye mwamba. Kuta hazina saruji, kwa hiyo usizipande.

Jinsi ya kuwaona viumbe

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi hupitwa. Mlima wa jangwani unaonekana hauna uhai saa sita mchana kwa kuwa kila mwenye akili amejificha. Saa mbili za baada ya alfajiri na saa moja kabla ya magharibi ndizo zako.

Ukingo wa korongo una faida ambayo huipati kwingine: ndege wakubwa hupita chini yako, ukawaona mgongo. Subiri jua lipashe ukuta, kama saa tatu asubuhi, hewa ya moto ianze kupanda. Tumbusi wa Misri atakuja kwanza, mweupe mwenye ncha nyeusi za mbawa na uso wa njano. Oman ni moja ya nchi chache ambako bado ni wengi. Yule mkubwa mweusi mwenye mbawa kama mlango ni tumbusi uso-mikunjo, yuleyule wa Serengeti. Majira ya baridi huongezeka tai wa nyika za Asia, ambao wenzao huendelea na safari hadi Afrika Mashariki. Karibu na miguu yako atarukaruka ndege mdogo mweusi mwenye tumbo jeupe safi, mpenda mawe, anayeimba juu ya jiwe refu kuliko mengine. Huyo haogopi watu.

Mijusi watafute kwenye mawe yanayopata jua la asubuhi. Kuna mjusi mdogo sana wa jamii ya Pristurus, anayetembea mchana tofauti na mijusi wa ukutani nyumbani kwetu, na anazungumza na wenzake kwa kupeperusha na kupinda mkia. Keti kimya dakika kumi naye atakusahau na kuendelea na shughuli zake. Mwenye bahati atamwona pia Omanosaura jayakari, mjusi mkubwa ambaye pamoja na mkia hufikia sentimita 60. Nje ya milima ya Oman na Imarati (Falme za Kiarabu) hapatikani.

Jina hilo la jayakari linamhusu Atmaram Jayakar, daktari aliyefanya kazi Maskati karne ya 19 na kupeleka vielelezo vya wanyama London. Jina lake linabebwa pia na mnyama anayetafutwa kuliko wote hapa: thari wa Arabuni, mbuzi-mwitu aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1894. Anaishi Hajar tu, Oman na Imarati, na yumo hatarini kutoweka. Ni mfupi, mnene, rangi ya hudhurungi nyekundu, pembe zimepinda kurudi nyuma. Nisikudanganye: kwenye uwanda wa Jebel Shams wenye mbuzi wa kufugwa na punda kila upande, uwezekano wa kumwona ni mdogo. Hifadhi yake kuu iko Wadi Sareen, upande wa mashariki, ilianzishwa miaka ya 1970. Lakini jambo moja linakuhusu popote ulipo Hajar. Thari anahitaji kunywa maji mara kwa mara, tofauti na paa wa jangwani, na vidimbwi vya maji kwenye chokaa ni vichache mno. Ukipiga hema kando ya kidimbwi, umemfungia mnyama mlango wa maji usiku kucha. Kaa mbali, angalau mita mia kadhaa, wala usioge ndani yake.

Usiku zima taa na usikilize. Katika milima hii mwaka 2013 wataalamu wa sauti za ndege walirekodi bundi ambaye hakuna aliyemtambua. Kwanza alidhaniwa ni spishi mpya; uchunguzi zaidi ukaonyesha kwamba ni Strix butleri, bundi aliyejulikana tangu 1878 kwa kielelezo kimoja cha makumbusho. Ukibahatika kumsikia, sikiliza tu. Kumchezea sauti iliyorekodiwa ili aje karibu kunamtoa kwenye windo na kumchosha bure.

Nge na nyoka wa jamii ya kifutu wapo. Usitie mkono kwenye ufa usiouona ndani, kung'uta viatu asubuhi, na ukikaa juu ya jiwe, litazame chini yake kwanza.

Siku ya pili: kilele cha kusini

Desemba jua huchwa karibu saa kumi na moja na nusu jioni, kwa hiyo anza saa kumi na moja alfajiri kwa tochi. Amueni kabla ya kuondoka saa ya kugeuka: saa sita mchana, popote mtakapokuwa. Kilele hakihami.

Kosa la kawaida kwenye W4 ni kufuata njia za mbuzi. Zinaonekana nzuri na zilizokanyagwa, halafu zinaishia ukingoni. Kanuni ni moja: ukitembea dakika tano bila kuona rangi tatu, rudi kwenye alama ya mwisho uliyoiona, uanze upya kutafuta. Wakati wa kupanda, geuka nyuma mara kwa mara uone njia ilivyo kwa upande wa kurudi.

Miti itakueleza uko wapi. Chini kuna mizeituni-mwitu na mti ambao Waomani huuita but, wenye matunda madogo meusi yanayolika. Kupita mita 2,100 hivi inaanza mireteni, jamaa wa mtarakwa wetu wa milima ya Kenya na Tanzania, lakini spishi nyingine. Iangalie vizuri afya yake: ya chini mingi imekauka matawi, na ukivuka mita 2,400 inakuwa ya kijani na yenye nguvu. Watafiti wameliona hilo tangu miaka ya 1990. Mti huu hukua polepole mno na machipukizi ni machache, kwa hiyo usikate wala usiokote kuni zake hata kama tawi limekufa. Tawi hilo ndilo kivuli cha mche. Kuni au gesi beba kutoka mjini.

Panda kwa pumzi ya kuweza kuzungumza. Kwenye mita 2,500 na zaidi wengine hupata kichwa kuuma. Kikiuma kidogo, punguza mwendo na unywe. Kikizidi au kichefuchefu kikianza, shukeni.

Kileleni tazama kusini-magharibi. Ule ukuta mkubwa uliosimama peke yake ni Jebel Misht, na karibu nao Jebel Kawr. Nayo ni chokaa, ila haikuzaliwa hapa: ilijengeka enzi ya Triasi, kabla ya Jura, juu ya milima ya volkano iliyokuwa katikati ya bahari, ikaburutwa na kuwekwa juu ya Arabuni pamoja na ofioliti. Upande wa kaskazini mlima unakatika ghafla kuelekea Wadi Sahtan, ambako mmomonyoko umefukua mawe ya kale zaidi, yakiwemo mabaki yaliyoachwa na barafu zaidi ya miaka milioni 635 iliyopita, zama ambazo dunia inadhaniwa iliganda karibu yote.

Mvua, wadi na dharura

Mwamba mtupu haunywi maji. Mvua ikinyesha juu, yote hutelemka wadini kwa pamoja, na gharika inaweza kukufikia chini ya anga la buluu. Soma utabiri wa siku hiyo kwa safu nzima ya Hajar, usiishie kwenye eneo ulipo. Usipige hema kwenye sakafu ya wadi, na usivuke kwa gari wadi inayotiririka. Oman hilo ni kosa la kisheria, na limeua wengi.

Namba ya dharura ni 9999. Kabla ya kupanda, mwachie mtu wa mjini jina la njia, saa ya kugeuka na saa atakayotakiwa kuanza kuulizia. Ukipiga simu taja kwanza W4 au W6, kisha mahali ulipo kwa namba za ramani ya simu, ndipo ueleze kilichotokea, maana mtandao unaweza kukatika wakati wowote.

Kushuka

Magoti huumia wakati wa kushuka kuliko kupanda, na mtu aliyechoka huteleza kwenye changarawe iliyolala juu ya mwamba laini. Fupisha hatua, tumia fimbo, na weka mguu kwenye jiwe lililo kavu na pana. Ukifika garini kunywa, kula, pumzika nusu saa nzima kabla ya kushika usukani. Kuteremka Ghul tumia gia ya chini na uachie breki zipoe. Harufu ya kuungua ikitokea, egesha. Usiendeshe mpaka Maskati usiku huo. Lala Al Hamra au Nizwa, na kesho yake, ukipita tena vile vilima vyeusi vya Samail, simama mahali salama pembeni uokote jiwe moja ulipime uzito mkononi. Peridotiti ambayo haijaoza ni nzito kuliko chokaa ya ukubwa uleule, na tofauti hiyo mkono unaihisi bila mizani.